Jina Lako Limeandikwa kwenye Daftari la Nani? Somo kwa Mkazi Anayewekeza

Jumamosi asubuhi kwenye stendi ya Njiru, kando ya Barabara ya Kangundo, hukosi kuona gari lenye bango la ploti. Usafiri wa kwenda kuona shamba ni bure. Kijana aliyevaa fulana ya kampuni anakueleza kwamba zimebaki ploti nne tu, na kuanzia Jumatatu bei itapanda. Unatuma amana kwa M-Pesa, unapewa risiti, na jioni unarudi nyumbani Chokaa, Saika au Mihang'o ukijiona mwenye shamba.

Je, kweli umekuwa mwenye shamba?

Somo la toleo hili linaanzia kwenye swali hilo. Wakazi wengi wanaofika katika ofisi za umma na malalamiko ya pesa zilizopotea si wavivu wala wajinga. Ni watu walioamka saa kumi alfajiri kwenda sokoni, walioendesha bodaboda kwenye mvua, au waliopokea kiinua mgongo baada ya miaka 30 ya kazi. Walikuwa na pesa na nia njema. Kilichokosekana ni swali moja ambalo hawakuwahi kuuliza: jina langu limeandikwa wapi?

Kila kitega uchumi, kiwe ploti, hisa, akiba ya sacco au hatifungani ya serikali, ni jina lililoandikwa mahali. Shamba hulibebi mfukoni, wala hisa huzifungii kabatini. Unachomiliki ni mstari kwenye daftari fulani unaosema kwamba mali hii ni yako. Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata shilingi moja, uliza maswali haya matatu:

1. Jina langu litaandikwa kwenye daftari gani?
2. Nani analitunza daftari hilo? Ni muuzaji mwenyewe, au ni mtu mwingine ambaye muuzaji hana mamlaka juu yake?
3. Je, ninaweza kulisoma mwenyewe bila kumwomba muuzaji ruhusa?

Tuyapeleke maswali haya kwenye vitega uchumi ambavyo wakazi wa Njiru hutumia zaidi.

Ploti na shamba

Hapa hatuhitaji mfano wa mbali. Kampuni ya Embakasi Ranching iliundwa miaka ya 1970, wakati Wakenya wengi walikuwa wakichanga pesa katika kampuni za kununua mashamba makubwa ili wagawane. Mwanachama alinunua hisa, akapewa hati ya hisa, kisha akasubiri kugawiwa sehemu yake. Kwa miaka mingi, daftari lililoonyesha ploti ipi ni ya nani lilikuwa la kampuni yenyewe wala si la masjala ya ardhi. Hapo ndipo migogoro ilipozaliwa. Watu wawili walijikuta na karatasi za ploti ile ile. Wazee walifariki kabla ya kuona hatimiliki, na watoto wao wakarithi kesi badala ya shamba. Mnamo Januari 2022, serikali ya kitaifa ilitoa hatimiliki kwa wanachama katika uwanja wa Jacaranda. Kati ya kununua hisa na kupata hati ya ardhi, wengine walikuwa wamesubiri miongo kadhaa.

Hati ya hisa ni karatasi halali, lakini inakufanya mwenye sehemu ya kampuni, na kampuni ndiyo mwenye shamba. Barua ya kugawiwa ploti ni ahadi, na risiti ya amana ni ushahidi kwamba ulitoa pesa. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoandika jina lako kwenye masjala ya ardhi.

Ukitaka kununua ploti, fuata hatua hizi:

• Omba nakala ya hatimiliki na ufanye mwenyewe upekuzi rasmi, ule ambao wengi huuita sachi. Kwa ardhi ya Nairobi, mfumo wa Ardhisasa ulizinduliwa Aprili 2021 kwa kazi hiyo. Shamba likiwa Joska au Malaa, hiyo ni Kaunti ya Machakos, na upekuzi hufanywa kwenye masjala inayohudumia eneo hilo. Usikubali upekuzi ulioletwa na muuzaji akiwa ameushika mkononi.

• Mlipe mpima ardhi aliyesajiliwa akuonyeshe vigingi vya mipaka, na alinganishe ramani na ardhi unayoikanyaga. Wako watu walioonyeshwa ploti nzuri kando ya barabara, kisha wakaandikishwa nyingine iliyo bondeni.

• Uliza historia ya ardhi. Mwaka 2020 serikali ilirejesha mikononi mwa umma ardhi ya mtambo wa majitaka kule Ruai iliyokuwa ikidaiwa na kampuni za kibinafsi. Aprili 2023, katika kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mnunuzi hawezi kujificha nyuma ya hatimiliki ikiwa ardhi ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo. Ukiona shamba liko karibu na mto, shule, reli, mtambo wa maji au barabara kuu, chunguza mara mbili.

• Hakikisha ada za ardhi za kaunti zimelipwa. Deni la ada hizo hufuata ardhi, halimfuati muuzaji.

• Mkataba wa ardhi uwe wa maandishi, utiwe saini na pande zote mbili, na kila saini iwe na shahidi. Sheria ya Kenya haitambui mauziano ya ardhi ya mdomo tu. Lipa kupitia akaunti ya wakili au ya kampuni, si kwa nambari ya simu ya mtu binafsi.

• Weka kando pesa za kuhamisha hati. Katika miji, ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani ya ardhi. Kwa ploti ya shilingi 800,000, hiyo ni shilingi 32,000, kabla ya malipo ya wakili na mpima ardhi. Asiyepanga gharama hii ndiye hukaa miaka na mkataba ndani ya bahasha akisema atahamisha hati pesa zikipatikana.

Ununuzi haujaisha siku unapomaliza kulipa. Umeisha siku unapofanya upekuzi mpya na kuona jina lako.

Sacco na chama

Sacco zimesomesha watoto wengi na kununua matatu nyingi Eastlands. Lakini si kila kilichoandikwa “sacco” mlangoni kiko chini ya usimamizi mmoja. SASRA, mamlaka inayosimamia sacco, hutoa leseni na kuchapisha kila mwaka orodha ya sacco ilizoziruhusu. Tafuta jina la sacco yako kwenye orodha hiyo, herufi kwa herufi. Vyama vidogo vya ushirika vinaweza kuwa vimesajiliwa kihalali bila kuwa chini ya SASRA. Kwa hivyo, muulize afisa wa ushirika wa kaunti kama hesabu za chama hicho zimekaguliwa.

Fahamu pia mipaka ya ulinzi. Pesa zilizo benki zina bima ya shirika la serikali la KDIC, ambalo tangu Julai 2020 humlipa mteja hadi shilingi 500,000 benki ikianguka. Bima hiyo haihusu akiba za sacco. Tena, akiba unayotumia kudhamini mikopo huwezi kuitoa kama pesa za M-Pesa. Kwa kawaida hutoka unapojiondoa katika uanachama na baada ya muda wa notisi. Usiweke humo karo ya muhula ujao.

Mwanachama ana haki ya kuhudhuria mkutano mkuu wa mwaka na kuuliza pesa zimewekezwa wapi. Mapema mwaka 2025, ripoti ya ukaguzi wa KUSCCO, muungano ambao sacco nyingi zilikuwa zimeweka pesa zake, ilifichua pengo la zaidi ya shilingi bilioni 13. Wanachama wengi hawakujua kamwe kwamba sehemu ya akiba yao ilikuwa huko. Swali la kuuliza mkutanoni ni hili: “Pesa zetu ambazo hatujakopeshana ziko wapi, na nani anazishika?”

Kwa chama cha watu kumi au ishirini, daftari ni lenu wenyewe. Akaunti iwe na watia saini watatu, na taarifa ya benki au ya M-Pesa isomwe mbele ya wote kila mkutano. Mweka hazina mwaminifu hatachukia jambo hilo, kwa kuwa linamkinga yeye kwanza.

Hisa, hatifungani na hazina za uwekezaji

Wengi wetu tunakumbuka mwaka 2008, watu walipopiga foleni kununua hisa za Safaricom kwa shilingi 5 kila moja. Mwezi Machi mwaka huo huo, kampuni ya udalali wa hisa ya Nyaga Stockbrokers iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria. Miongoni mwa malalamiko ya wateja ni kwamba hisa zao zilikuwa zimeuzwa bila idhini yao.

Hapa kuna funzo la ziada. Tangu 2004, hisa za soko la Nairobi zimekuwa zikiandikwa kwenye daftari la kielektroniki la kampuni ya CDSC, ambayo si dalali. Kwa hiyo daftari la mtu wa tatu lilikuwepo. Lakini mteja asiyeomba taarifa ya akaunti yake hakuweza kujua kwamba mstari wake umefutwa. Daftari usilolisoma halikulindi. Omba taarifa angalau mara mbili kwa mwaka.

Kuhusu hatifungani za serikali, tangu 2023 mkazi anaweza kufungua akaunti ya DhowCSD ya Benki Kuu ya Kenya kupitia simu yake na kununua moja kwa moja bila dalali. Kiwango cha chini cha kununua hatifungani ya kawaida kimekuwa shilingi 50,000. Jina lako linaandikwa kwenye daftari la Benki Kuu yenyewe. Mtu akikuambia umtumie pesa akununulie hatifungani kwa jina lake, kataa.

Hazina za soko la fedha, zile zinazofupishwa kuwa MMF, huchanga pesa za watu wengi na kuziweka kwenye amana za benki na hati za serikali. Iliyo na leseni ya CMA, yaani Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, hugawanya kazi: meneja huamua pa kuwekeza, benki nyingine hutunza pesa, na mdhamini huwachunga wote wawili. Meneja peke yake hawezi kuondoka na mali yenu. Lakini kumbuka kwamba leseni hutolewa kwa bidhaa, si kwa sura ya kampuni. Mwaka 2021, Cytonn High Yield Solutions, iliyokuwa nje ya usimamizi wa CMA, ilishindwa kuwalipa wawekezaji wake na kuwekwa chini ya msimamizi, ilhali kampuni za kundi hilo hilo zilikuwa na hazina nyingine iliyosimamiwa na CMA. Uliza kuhusu bidhaa unayonunua kwa jina lake kamili.

Pasipo na daftari kabisa

Sasa yalete yale maswali matatu kwa mpango unaokuahidi asilimia 30 kwa mwezi kupitia programu ya simu au kundi la WhatsApp. Jina langu limeandikwa wapi? Kwenye skrini. Nani anaitunza? Mwenye programu. Naweza kulisoma bila yeye? Hapana, akizima mtambo kila kitu kimetoweka.

Hesabu yenyewe inatosha kukuonya. Shilingi 10,000 zikikua kwa asilimia 30 kila mwezi zingekuwa takriban shilingi 233,000 baada ya mwaka mmoja. Mwenye biashara ya namna hiyo angekopa benki na kutajirika kimya kimya. Hangezunguka Njiru akitafuta elfu kumi zako.

Malipo yake hutoka kwa wanaoingia nyuma. Tuseme kila mtu analeta watu sita. Mzunguko wa saba unahitaji watu 279,936. Mzunguko wa nane unahitaji watu 1,679,616, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 626,482 katika Njiru nzima. Mzunguko wa kumi unahitaji zaidi ya watu milioni 60, ambao ni wengi kuliko Wakenya wote waliohesabiwa mwaka huo. Upatu wa aina hii hufa kwa sababu watu huisha.

Kenya imelipia funzo hili tayari. Mipango kama DECI ilipoanguka mwaka 2007, maelfu ya familia zilibaki na vitabu vya risiti. Kikosi kazi kilichoongozwa na Francis Nyenze kiliripoti mwaka 2009 kwamba zaidi ya Wakenya 148,000 walikuwa wamepoteza zaidi ya shilingi bilioni 8. Mipango mingi iliingilia makanisani na kwenye vyama vya akina mama, ambako neno la ndugu au dada lilitosha kuwa dhamana. Aliyekualika huenda ni mwaminifu kabisa na amelipwa mara mbili tayari. Malipo yake ya kwanza ndiyo chambo chako.

Hasara si wizi

Tusichanganye mambo mawili. Hisa za Safaricom zilizouzwa kwa shilingi 5 zilishuka chini ya bei hiyo baadaye. Aliyeuza kwa hofu alipata hasara. Aliyengoja alibaki na hisa zake, kwa sababu jina lake halikutoka kwenye daftari. Bei kushuka ni hatari ya kawaida ya uwekezaji, na hakuna ofisi itakayokufidia. Daftari zuri hukulinda dhidi ya wizi, halikulindi dhidi ya soko.

Ndiyo maana mpangilio wa pesa za nyumbani huja kabla ya uwekezaji wowote:

• Kwanza, akiba ya dharura ya matumizi ya miezi mitatu, mahali unapoweza kuzitoa haraka. Mama anayetumia shilingi 18,000 kwa mwezi analenga shilingi 54,000. Akiweka shilingi 50 kila siku, itamchukua karibu miaka mitatu. Si haraka, lakini mtoto akiugua katikati ya safari hiyo hatauza ploti kwa bei ya kutupa.

• Pili, bima ya afya ya jamii, ambayo mchango wake wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi.

• Tatu, kulipa madeni ya riba kubwa, hasa mikopo ya simu. Hakuna uwekezaji halali unaolipa kuliko riba ya mkopo wa simu, kwa hivyo usikope huko ili uwekeze.

• Nne, ndipo uwekeze, na pesa zisizo za karo wala kodi ya nyumba. Usiweke zote mahali pamoja.

Ukiwa tayari umepoteza

Usinyamaze kwa aibu. Kimya chako ndicho humpa tapeli mteja wa kesho. Hifadhi jumbe za M-Pesa, risiti, picha za skrini na majina ya waliokushawishi. Piga ripoti kituo cha polisi na upewe nambari ya OB. Kisha peleka malalamiko kwa mdhibiti anayehusika: CMA kwa hisa na hazina, SASRA au afisa wa ushirika kwa sacco, Benki Kuu kwa benki na wakopeshaji wa simu.

Deni la mkataba lisilozidi shilingi milioni moja linaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, ambako unaweza kujitetea mwenyewe bila wakili na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Katiba, katika Kifungu cha 46, inampa kila mtumiaji haki ya kupewa habari anazohitaji na kufidiwa anapodhulumiwa.

Jihadhari pia na tapeli wa pili. Baada ya hasara, mtu hupiga simu akidai anaweza kurejesha pesa zako ukimlipa ada kwanza. Namba yako ameipata kwenye orodha ya waliotapeliwa.

Zoezi la nyumbani

Wiki hii, chukua karatasi moja na uchore safu nne. Safu ya kwanza, andika kila kitu unachomiliki: ploti, akiba, hisa, mchango wa chama. Ya pili, andika jina lako limeandikwa kwenye daftari gani. Ya tatu, nani analitunza. Ya nne, tarehe ya mwisho ulipolisoma mwenyewe. Safu ya nne ikiwa tupu, hapo ndipo kazi yako ya mwezi huu ilipo.

Ukimaliza, mwonyeshe mume, mke au mtoto mkubwa mahali karatasi hiyo inapowekwa. Mali ya kifedha ambayo wenyewe hawajulikani huishia kwa Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, si kwa sababu mtu aliiba, bali kwa sababu aliyeifahamu alifariki bila kusema.

Mkutano ujao wa chama chako, soma somo hili kwa sauti. Na Jumamosi gari la ploti likija stendi, panda ukione shamba, uulize maswali yako matatu, kisha urudi nyumbani na pesa zako mfukoni hadi utakapopata majibu.